Pasi za kuruka foleni kwenye bustani ya michezo: ununue kwa wote, kwa baadhi, kwa mchezo mmoja, au uache?

Aliyewahi kuvuka Ziwa Victoria kwa kivuko kutoka Kigongo kwenda Busisi kabla daraja halijafunguliwa Juni 2025 anajua foleni ni nini. Unafika na gari, unazima injini, watoto wanadai mahindi ya kuchoma, na kivuko ndiyo kwanza kinaondoka upande wa pili. Likija gari la wagonjwa nyuma yenu, wote mnasogea pembeni lipite na hakuna anayenuna. Akija dereva wa kuchomekea kwa sababu ana haraka zake, kelele zinaanzia mwisho wa foleni hadi getini.

Foleni ile ilinijia kichwani miaka michache iliyopita nikiwa sebuleni kwetu Nyegezi, Mwanza, simu mkononi, nakata tiketi za bustani ya michezo huko Ghuba, kwenye Falme za Kiarabu, kwa likizo ya Desemba. Nilikuwa nimeshaandika majina manane: mimi na mume wangu, watoto wetu watatu wa miaka 15, 8 na 3, mama mkwe, wifi yangu na mwanawe wa miaka 9. Kabla ya kulipa likatokea swali kama ningependa kuongeza pasi ya kuruka foleni. Bei yake kwa mtu mmoja ilikaribia kiingilio chenyewe.

Tulinunua pasi tatu kwa watu wanane. Jioni hotelini niliwauliza watoto mmoja mmoja wamepanda nini, nikaandika kwenye daftari la safari. Kijana wangu wa miaka 15 alikuwa amepanda mara kumi na moja. Binamu yake wa miaka 9, mara tatu. Mama mkwe alikaa benchi moja na yule mdogo karibu saa nne nzima. Na safari ile tulichangishana; wifi alikuwa akiweka fungu lake kila mwezi sawa na sisi. Hakusema kitu, lakini namba zile mbili, kumi na moja na tatu, zilininyima usingizi.

Tulisafiri tena baadaye kwa mpangilio mwingine, na tangu hapo ndugu na majirani wanaopanga safari kama hiyo huniuliza wanunue au wasinunue. Jibu linategemea mnakwenda wangapi, wa vimo gani, kwa fedha ya nani na siku ipi. Nitaweka njia nne sambamba, kila moja kwa vipimo vilevile.

Pasi yenyewe inafanyaje kazi

Kila bustani kubwa ina jina lake. Disney ya Florida huiita Lightning Lane, Universal huiita Express, Disneyland Paris huiita Premier Access, na Ferrari World ya Abu Dhabi huuza Quick Pass. Kwa kawaida mchezo unakuwa na milango miwili: foleni ya kawaida na foleni ya wenye pasi. Zinakutana mbele karibu na mahali pa kupandia, na hapo mhudumu ndiye anayeamua achukue wangapi kutoka kila upande.

Hapo penye makutano ndipo pa kupaelewa. Mchezo haubebi watu zaidi kwa sababu pasi zimeuzwa. Tuseme rola kosta, ule mchezo wa vigari vya kasi kwenye reli, inabeba watu 1,000 kwa saa na mbele yako kuna watu 300. Kama hakuna pasi, utapanda baada ya dakika 18. Mhudumu akiwa anachukua 700 kwa saa kutoka foleni ya pasi na 300 kutoka kwenu, watu wale wale 300 watakugharimu saa nzima. Mchezo ni uleule, kasi ni ileile; dakika 42 zimehamia kwako kutoka kwa aliyelipa.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Disney ilipoanzisha FastPass mwaka 1999, ilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi ya kuingia: unapewa karatasi yenye saa ya kurudi, unakwenda kula, unarudi. Aliyewahi asubuhi alipata saa nzuri. Mwaka 2021 Florida wakaleta mfumo wa kulipia, na Julai 2024 wakaupa majina yanayotumika sasa. Mimi ule wa zamani ningeupenda zaidi, maana ulimpa nafasi yule aliyeamka mapema, na kuamka mapema hata asiye na fedha anaweza.

Vipimo vinne

*Pesa*: usiangalie bei ya mtu mmoja, zidisha kwa vichwa.

*Muda*: saa zinazookolewa kweli siku hiyo, kwa sababu siku yenye watu wachache pasi inaweza kukuokolea dakika kumi tu.

*Usawa ndani ya familia*: nani anapanda, nani anabaki na begi, nani anabaki na mtoto aliyelala.

*Usawa kwa wengine*: familia iliyo kwenye foleni ya kawaida inapoteza nini kwa sababu yenu, na je, mmekaa ndani ya masharti.

Nilianza na kipimo cha kwanza na cha pili tu kwa sababu ndivyo vinavyoandikwa kwenye matangazo. Hivyo viwili vya mwisho nilijifunza kutoka kwenye daftari.

Njia ya kwanza: pasi ya siku nzima kwa kila mtu

*Pesa.* Hii ndiyo ghali kuliko zote, na bei hupanda siku za watu wengi. Pasi ya juu kabisa ya Disney huko Florida, ile isiyohitaji kuchagua saa, ilipoanza kujaribiwa mwishoni mwa 2024 iliuzwa kati ya dola 129 na 449 kwa mtu kwa siku, mbali na kiingilio. Kwa watu wanane ni dola 1,032 siku ya bei ya chini na dola 3,592 siku ya bei ya juu. Zipo nafuu kuliko hiyo, ambazo unachagua michezo na saa zake kwenye simu. Kwa Florida, wageni wa hoteli za Disney huanza kuchagua siku 7 kabla ya kufika, wengine siku 3 kabla. Universal nayo ina aina mbili: ya kupita mara moja kila mchezo, na ya kupita bila kikomo. Bustani nyingine zina utaratibu wao, kwa hiyo soma kwanza unachonunua ni kipi.

Usimlipie asiyeihitaji. Disney hawatozi kiingilio kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Kwa wa miaka 3 na kuendelea utalipa, hata kama kimo chake hakimruhusu kupanda nusu ya michezo ambayo pasi inafungua.

*Muda.* Siku ya kilele hakuna njia inayookoa zaidi ya hii. Siku ya katikati ya wiki isiyo ya sikukuu, faida yake hushuka sana.

*Ndani ya familia.* Kwa juu juu ni sawa kabisa: kila mtu ana pasi. Ila mwenye kimo kifupi, bibi asiyetaka kuzungushwa na mama mwenye mimba wote wamelipiwa kitu wasichoweza kutumia. Na asiyepanda anapewa mtoto wa kushika. Pasi kwa wote haimwondolei mama mkwe benchi.

*Kwa wengine.* Mnachukua nafasi nane mbele yao kila mchezo. Mmelipa na bustani imekubali, hamjaiba. Lakini idadi yenu inaonekana. Kinachokera watu kule ni familia kubwa inayopita kwa kelele na kupungia mikono walio upande wa pili wa kamba. Waambie watoto wapite kimya.

*Inamfaa* familia yenye siku moja tu bustanini, watoto wote wakiwa wamefikia kimo, na fedha isiyotoka kwenye ada ya Januari.

Njia ya pili: pasi kwa baadhi tu

Hii ndiyo tuliyochagua mara ya kwanza na ndiyo naiona ikichaguliwa zaidi na familia za kwetu, kwa sababu inaonekana kama busara ya kati na kati. Inahitaji maandalizi kuliko zote.

*Pesa.* Unalipia watatu badala ya wanane. Hakuna la kuongeza hapo.

*Muda.* Wenye pasi wanaokoa muda, halafu wanaupoteza wakiwasubiri wasio na pasi. Sisi tulipanga kukutana kila baada ya saa moja karibu na kibanda cha aiskrimu. Mara ya pili tu, kijana alichelewa dakika arobaini, na wale wengine walikaa palepale kumsubiri badala ya kuingia foleni yao. Kwa hiyo waliopoteza saa ni wale wale ambao hawakuwa na pasi.

*Ndani ya familia.* Hapa ndipo mambo huharibika, na huharibika kimya kimya. Nani anapewa? Tulisema wapewe wakubwa kwa sababu wao ndio wanaopanda michezo mikali. Mtoto wa wifi alikuwa na miaka 9 na kimo cha kutosha kwa mingi ya michezo ile. Hatukumpima, tulimhesabu tu kuwa ni mdogo. Lingine ni mwenye kulipa. Katika safari ya kuchangishana, mmoja akisema “mimi naongeza ya kwangu mfukoni kwa ajili ya wanangu”, haki anayo, lakini binamu watatu waliolala chumba kimoja jana hawataelewa habari ya mifuko. Kama mnaweza, mwenye nyongeza aiweke kwenye fungu la wote, au asubiri siku ambayo familia zimeachana na kila moja iko kivyake.

Watu wengi hufikiria dawa ni kubadilishana: mtoto huyu apande mara mbili, avue bangili ya pasi, ampe mwenzake. Soma masharti kwanza. Pasi nyingi zimefungwa kwenye tiketi ya mtu mmoja na haziruhusiwi kuhama, na mhudumu akiwakamata anaweza kuzichukua. Kumfundisha mtoto kuonyesha bangili ya binamu yake getini ni kumfundisha uongo, na tumemsafirisha mbali mno kwa somo hilo.

Zamu inayokubalika ni ya siku: mkiwa na siku mbili bustanini, leo pasi ni za hawa, kesho ni za wale. Inamaanisha kununua mara mbili, kwa hiyo idadi kwa siku ipungue. Pasi mbili Jumanne na mbili Jumatano zinagawanyika kwa haki kuliko nne siku moja.

*Kwa wengine.* Mnachukua nafasi chache, hilo ni jema. Ubaya unakuja pale wenye pasi wanapotaka kuwaingiza ndugu zao kwenye makutano ya foleni, au yule wa foleni ya kawaida anapowashikia nafasi watu sita walioko chooni. Kushikiana nafasi kwa mtu mmoja aliyekwenda kumkojoza mtoto watu huvumilia. Watu sita ni kuchomekea.

*Inamfaa* familia yenye kijana mmoja au wawili wanaopenda michezo mikali na wengine wote hawaitaki kweli. Neno “kweli” ulipime kwa kuwauliza, mtoto kwa mtoto, kabla ya kulipa.

Njia ya tatu: pasi ya mchezo mmoja

Baadhi ya bustani huuza kuruka foleni ya mchezo mmoja tu. Disneyland Paris wamekuwa nayo tangu 2021, na Florida ipo kwa michezo michache yenye foleni ndefu kuliko yote.

*Pesa.* Unalipia unachokitaka. Hatari yake ni utamu wa simu: mmoja, wa pili, wa tatu, na saa tisa alasiri umeshavuka bei ya pasi ya siku nzima. Andika kikomo kwenye karatasi asubuhi.

*Muda.* Inaondoa foleni moja mbaya, zile nyingine zinabaki. Mara nyingi hiyo moja ndiyo iliyokuwa inaharibu siku.

*Ndani ya familia.* Hii ndiyo rahisi kugawa kwa haki kwa sababu inaanza na swali linaloeleweka hata na mtoto wa miaka 5: kitu kimoja unachokitaka kuliko vyote ni kipi? Safari ya pili tulimpa kila mtoto chaguo moja. Wawili walichagua mchezo uleule, tukanunua huo kwa wote wanaoweza kuupanda. Yule mdogo alichagua farasi wa kuzunguka, ambao haukuwa na foleni ya kulipia kabisa, akapanda mara nne na bibi. Aliyechagua kitu cha bure usimwambie abadilishe ili alingane bei na wenzake.

*Kwa wengine.* Mmeruka mara moja, kwingine kote mmepanga kama watu wote. Ningeiita nyepesi kuliko zote zinazolipiwa.

*Inamfaa* familia yenye fungu dogo na ndoto moja kubwa, na wale ambao watoto wao wamepishana sana umri.

Njia ya nne: bila pasi

Watu huidharau hii wakidhani ni ya kukosa. Ina ufundi wake, na wenye subira ya mwaloni, waliozoea kusubiri mitumbwi ya dagaa alfajiri, wanaiweza vizuri.

*Pesa.* Hakuna nyongeza. Fedha iliyobaki kwetu ililipia usiku mmoja zaidi hotelini, na siku ya pili bustanini iliokoa muda kuliko ambavyo pasi ingefanya.

*Muda.* Ukifika dakika 45 kabla geti halijafunguliwa na kwenda moja kwa moja kwenye mchezo wenye sifa kuliko yote, unaweza kupanda miwili au mitatu kabla foleni hazijajaa. Saa moja ya mwisho jioni nayo ni nzuri, maana wenye watoto wadogo wameshaondoka. Katikati ya siku mnakula, mnaangalia maonyesho, mnapumzika. Chagua pia siku: Falme za Kiarabu zilihamishia mapumziko ya wiki Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, kwa hiyo Jumanne na Jumatano ni bora. Likizo yetu ya Juni inaangukia joto kali la huko, linalopita nyuzi 40, na watu hukimbilia bustani zilizo ndani ya majengo. Desemba hali ya hewa ni nzuri na watu ni wengi. Sikukuu za Idi usijaribu bila pasi.

Kuna pia foleni ya mtu mmoja mmoja kwenye baadhi ya michezo: kiti kikibaki wazi, anaitwa mtu kutoka foleni hiyo. Ni bure na huenda haraka, ila hamtakaa pamoja. Inafaa kijana na baba yake. Kwa mtoto mdogo hapana. Disney, kwa mfano, humtaka aliye chini ya miaka 7 apande na mtu wa miaka 14 au zaidi.

*Ndani ya familia.* Hapa nitakaa kidogo, maana lipo jambo ambalo tungelijua mapema, mama mkwe asingekaa benchi saa nne. Bustani kubwa nyingi zina utaratibu wa kubadilishana walezi, wa bure, kwa ajili ya familia zenye mtoto asiyefikia kimo. Florida huitwa Rider Switch, Paris huitwa Baby Switch. Mzazi mmoja anapanga foleni na kupanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo nje. Wakishuka, yule wa nje anaingia kwa njia fupi bila kupanga tena. Sharti ni kumwambia mhudumu wa mlangoni kabla ya kuingia foleni, mkiwa wote pamoja na mtoto yupo. Mkikumbuka mmeshafika katikati, mmechelewa.

Bila pasi wote mnasimama foleni moja, na foleni ina faida yake. Tulicheza vitendawili, mama mkwe akatoa vya Kisukuma ambavyo watoto hawakuwahi kuvisikia nyumbani kwa sababu nyumbani kuna televisheni.

*Kwa wengine.* Hamjamchukulia mtu dakika. Adabu inayobaki ni kutoshikiana nafasi.

*Inamfaa* familia yenye wadogo wengi, yenye zaidi ya siku moja, au inayoweza kuamka.

Pasi ya wenye ulemavu si ya kuchagua

Sikuiweka kwenye ulinganisho kwa sababu ni gari la wagonjwa pale kivukoni. Mwaka 2013 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kuwa familia tajiri zilikuwa zikiwakodi watu wenye ulemavu ili ziingie nao Disney bila kupanga foleni. Mwaka huohuo Disney waliubadilisha utaratibu, na badala ya kupitishwa mara moja, mwenye uhitaji akawa anapewa saa ya kurudi. Mwaka 2024 wakaubana tena, ukalenga zaidi wenye matatizo ya ukuaji kama usonji. Kila mzazi aliyedanganya aliongeza maswali kwa mama wa mtoto mwenye usonji anayefika mlangoni akiwa amechoka.

Ukiwa ni huyo mama, usione haya. Kule Falme za Kiarabu wenye ulemavu huitwa rasmi watu wenye azma, na kila bustani ina dawati la kuuliza. Nenda na barua ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza, na uliza kwa barua pepe kabla hujakata tiketi, kwa sababu kila mahali pana masharti yake.

Kabla ya kutoka Mwanza

Pima watoto ukutani, wakiwa na viatu watakavyovaa siku hiyo. Disneyland Paris hutaka sentimita 102 kwa Big Thunder Mountain na 120 kwa Hyperspace Mountain. Ukijua kimo cha kila mtoto, nusu ya mabishano ya pasi inakwisha mezani, na hakuna mtoto atakayelia mbele ya fimbo ya kupimia baada ya kulipiwa.

Kaeni kikao, na mama mkwe awepo. Amueni mambo mawili: fedha ya pasi inatoka fungu gani, na ikitosha kwa wachache tu, nani anapata siku ipi. Simu ya kubeba tiketi zote iwe moja, yenye chaji ya akiba, na mtu wa pili awe na picha za misimbo ya tiketi zote. Wadogo wapelekeni Jumamosi moja Kisiwa cha Saanane, wapange foleni ya boti na kuona wengine wakitangulia. Ni safari fupi kutoka mjini na utajua mapema nani ana subira na nani atahitaji biskuti.

Kwa hali yako

Mna siku moja tu, ni Desemba au Idi, watoto wote wamevuka sentimita 120 na fedha ipo: nunueni kwa wote watakaopanda, asiyepanda msimlipie.

Mna siku mbili au zaidi: siku ya kwanza nendeni bila pasi, mwone foleni zilivyo, kisha mwamue ya pili. Uzeni hilo wazo kwa watoto mapema, na mjue kuwa siku za kilele pasi zinaweza kuisha.

Wengi wenu ni wadogo wasiofikia kimo: acheni pasi, tumieni kubadilishana walezi.

Kijana ni mmoja, wengine wote ni wadogo: pasi moja kwake inaeleweka, kwa makubaliano kwamba saa fulani, iliyoandikwa, yeye ndiye anayekaa na mdogo na wazazi wanapanda.

Mmechangishana: wote au hakuna, au mchezo mmoja kwa kila mtoto. Pasi kwa baadhi iwe tu kama wale wengine wamesema kwa midomo yao, mbele ya wazazi wao, kwamba hawaitaki.

Fungu ni dogo: chagua mchezo mmoja, weka kikomo, ukifika hapo funga simu.

Na kama mmekwenda na bibi, muulizeni yeye kwanza anataka kuona nini, kisha ndipo mpange michezo kuzunguka saa yake. Mama mkwe wangu, safari ya pili, alisema anataka samaki. Tulikwenda naye wote wanane geti lilipofunguka, saa nne asubuhi, tukaacha rola kosta zisubiri. Alisimama mbele ya kioo cha tangi kubwa muda mrefu, mjukuu mgongoni, akimtafuta sangara kati ya papa na taa, kisha akamuuliza mhudumu, kwa Kiswahili, kama sato wanaye.